Nukta Mbili Kabla ya Nukuu: Mwongozo kwa Makatibu wa Vikao, Wanahabari na Wanafunzi

*Mtunza hazina alisema kwamba: “nitaleta risiti zote Ijumaa”.*

Sentensi ya namna hii, kwa sura moja au nyingine, utaikuta katika madaftari ya vikao kuanzia Kyela hadi Makambako. Ina makosa matatu. Mawili ni ya sura tu: herufi ndogo mwanzoni mwa nukuu, na nukta iliyoachwa nje. La tatu ndilo linaloweza kuwagombanisha watu. Ni nani atakayeleta risiti hizo Ijumaa?

Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi. Ile *ni-* ya *nitaleta* ni ya yule anayesema. Neno *kwamba* linamwambia msomaji kuwa anayesimulia sasa ni katibu, basi risiti ataleta katibu. Alama za usemi nazo zinasema la, huyu ni mtunza hazina mwenyewe anazungumza. Msomaji ameachwa njia panda, na daftari likifunguliwa tena baada ya miezi sita hakuna wa kumsaidia.

Nukta mbili (wengine huiita nuktapacha, wengine koloni) ikikaa mbele ya nukuu ni ahadi: yanayofuata ni maneno ya mtu mwenyewe, kama yalivyomtoka. *Kwamba* ni kinyume chake: haya ni maneno yangu mimi ninayesimulia. Huwezi kuahidi na kukanusha katika pumzi moja. Karibu kila tunachoeleza hapa chini kinatokana na hilo. Mifano ya sentensi imetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Hatua ya 1: Amua kama unahitaji maneno yenyewe

Muhtasari wa kikao kwa kawaida huandikwa kwa usemi wa taarifa. Wajumbe ishirini wakinukuliwa neno kwa neno kuhusu mbegu za viazi, muhtasari utakuwa gunia la lumbesa: umejaa, umevimba, na hakuna anayejua uzito halisi. Nukuu pale tu ambapo maneno yenyewe ndiyo jambo: mtu ameomba radhi, ameahidi fedha, amekataa kutia saini, ametishia, au kikao kimepitisha azimio ambalo neno moja likibadilika maana inabadilika.

Kipimo ni chepesi. Jiulize kama kuna mtu anayeweza kusimama kikao kijacho na kusema, “Mimi sikusema hivyo.” Kama yupo, nukuu.

Lakini utanukuu kutoka wapi? Ukiwa kikaoni, weka alama ya fungua usemi pembeni mwa mstari kila unapofaulu kuyanasa maneno kamili, na funga usemi pale yanapokatika. Mstari usio na alama hizo ni wa taarifa, na ubaki hivyo hata jioni unaponakili muhtasari safi. Makosa mengi huzaliwa jioni hiyo, katibu anapokumbuka “kitu kama hicho” na kukivika alama za usemi.

Wanafunzi wa historia nao waangalie hapa. Mwaka 1891 Wahehe chini ya Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na mwaka 1954 fuvu la kichwa lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa na sasa liko Kalenga. Hayo unaweza kuyaandika kwa maneno yako. Lakini ukiandika *Mkwawa aliwaambia askari wake:* kisha ukafungua usemi, umedai kwamba yupo aliyeyasikia maneno hayo na kuyaandika. Kama huna chanzo, rudi kwenye taarifa: *Mkwawa aliwaongoza askari wake kuvizia msafara wa Wajerumani.* Insha haipungukiwi kitu.

Hatua ya 2: Andika kitangulizi, kisha kipime kwa nukta

Kitangulizi ni yale maneno yanayokuja kabla ya nukuu. Kiandike, kisha ufiche nukuu kwa kiganja na uweke nukta mahali pa nukta mbili. Kinasimama chenyewe?

*Mwenyekiti alifunga mjadala kwa maneno haya.* Kinasimama. Nukta mbili ni mahali pake.

*Afisa ugani alizungumzia ugonjwa wa bakajani.* Kinasimama pia. Kwa hiyo unaweza kuandika: *Afisa ugani alizungumzia ugonjwa wa bakajani: “Ukiona madoa kwenye jani leo, usisubiri wiki ijayo.”* Hapa hakuna kitenzi cha kusema kinachogusana na nukuu, na bado sentensi ni safi kuliko ingekuwa na mkato.

*Maoni ya wakulima ni.* Hakisimami, kinaning'inia. Ama ukikamilishe (*Maoni ya wakulima yalikuwa mafupi:*), ama ufute nukta mbili na kuisuka nukuu ndani ya sentensi. Vivyo hivyo kwa vitangulizi vinavyoishia na *ya*, *wa*, *kama* au *kuhusu*. Nukta mbili haikai baada ya neno ambalo bado linadai mwenzake.

Kuna jambo la pili la kupima kwenye kitangulizi, nalo ni la Kiswahili hasa, kwa hiyo miongozo iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine huwa hailitaji. Tazama:

*Mkulima alisema: “Vimeoza vyote kabla gari halijafika.”*

Vimeoza nini? Msemaji alikuwa ameinamia gunia, waliosimama naye waliona. Msomaji haoni. *Vi-* inaweza kuwa viazi, vitunguu, hata vikapu. Nukuu huna ruhusa ya kuichokonoa, basi jina liweke kwenye kitangulizi:

*Mkulima alieleza yaliyovipata viazi vyake: “Vimeoza vyote kabla gari halijafika.”*

Sasa *vi-* ina mwenyewe. Kila mara nukuu inapoanza na kiambishi kisicho na jina (*zimepanda*, *limebomoka*, *wamekataa*), tafuta jina lake na uliingize kabla ya nukta mbili. Uangalie pia ngeli. Ukitanguliza *Alieleza hali ya magunia yake* na nukuu ikaja na *vimeoza*, msomaji atajikwaa, kwa sababu magunia hayo yangesema *yameoza*. Kama hakuna njia ya kuingiza jina kwenye kitangulizi, litie ndani ya nukuu kwa mabano ya mraba: *“[Viazi] vimeoza vyote.”* Mabano hayo yanamwambia msomaji kuwa neno hilo ni lako.

Hali ni hiyo hiyo kwa *hapa*, *huyu*, *leo* na *kesho*. Nukuu ikisema *“Kesho hatufungui geti,”* kitangulizi kitaje siku iliyosemwa.

Hatua ya 3: Nukta mbili, mkato, au bila alama?

Baada ya *alisema*, *alijibu*, *aliuliza* na wenzao, Kiswahili kinakubali mkato na kinakubali nukta mbili. Usibishane na mwalimu anayependa mkato. Tofauti iko kwenye uzito.

Mkato unafaa pale nukuu ni fupi na mazungumzo yanakwenda haraka, kama katika hadithi: *Akasema, “Twende.”* Ukiweka nukta mbili hapo umemsimamisha msomaji mlangoni kwa ajili ya neno moja.

Nukta mbili inafaa pale kitangulizi kimekamilika chenyewe, au nukuu ina sentensi mbili na zaidi, au ni andiko rasmi, au ni methali au maneno yaliyoandikwa mahali: *Bango mlangoni mwa ghala linasomeka: “Hakuna kupokea kahawa mbichi.”* Inafaa pia, hata kwa neno moja, pale neno hilo ndilo kilele. *Bibi alipokea zawadi, akaitazama kwa muda mrefu, akasema neno moja: “Ndaga.”* Anayejua Kinyakyusa ameshasikia shukrani. Kwa asiyejua, ongeza sentensi ya kueleza baadaye, usiibanze ndani ya nukuu.

Bila alama yoyote ni pale unaponukuu kipande tu na kukisuka ndani ya sentensi yako: *Diwani aliiita barabara hiyo “aibu ya kata nzima”.* Kipande hakina nukta mbili, hakina herufi kubwa, na nukta ya mwisho inakaa nje kwa kuwa sentensi ni yako.

Msemaji akitajwa baada ya nukuu, nukta mbili haina kazi kabisa. Mkato unaingia ndani ya alama za usemi: *“Mvua imechelewa,” alisema mkulima wa Isyonje.*

Halafu kuna vitenzi visivyobeba nukuu. Mtu hacheki sentensi, wala hatabasamu swali. Badala ya *alicheka: “Mtanilipa lini?”* andika *alicheka, akauliza: “Mtanilipa lini?”* Kuongeza *akauliza* kunagharimu neno moja.

Hatua ya 4: Mtoe *kwamba*, au zitoe alama

Ukishaweka *kwamba*, *kuwa*, *ya kuwa* au *eti* baada ya kitenzi cha kusema, umeingia usemi wa taarifa. Futa nukta mbili, futa alama za usemi, kisha ubadilishe vitu vitatu.

Kwanza nafsi: *nitaleta* inakuwa *ataleta* au *angeleta*, *risiti zangu* inakuwa *risiti zake*. Hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho chenye hatari. Pili wakati: *kesho* inakuwa *siku iliyofuata*, au tarehe yenyewe, ambayo katika muhtasari ni bora zaidi. Tatu mahali na vionyeshi: *hapa* inakuwa *pale*, *hili* inakuwa *hilo*.

*Mtunza hazina alisema kwamba angeleta risiti zote siku ya Ijumaa.*

Au uchague njia ya pili, umtoe *kwamba*:

*Mtunza hazina aliahidi mbele ya kikao: “Nitaleta risiti zote Ijumaa.”*

Zote mbili ni sahihi. Ya pili ina meno zaidi. Kama risiti zenyewe ndizo zilizofanya kikao kiitishwe, tumia hiyo.

Magazetini utakutana na mchanganyiko, *alisema kuwa “hatutakubali”*, na unaeleweka kwa sababu wasomaji wameuzoea. Bado ni uandishi wa haraka. Kama kipande hicho ni kitamu mno kukiacha, kisuke bila *kuwa*, au ukipe nukta mbili yake.

Hatua ya 5: Andika nukuu na uifunge vizuri

Nukta mbili hugusana na neno lililotangulia. Hakuna nafasi kabla yake, na baada yake ipo nafasi moja. Kisha fungua usemi, bila nafasi ndani, kisha herufi kubwa kama nukuu ni sentensi kamili.

Kufunga ndiko kunakosumbua. Nukuu kamili iliyoanzishwa na nukta mbili huingiza nukta yake ndani, kisha funga usemi, na hapo sentensi imekwisha. Usiongeze nukta ya pili nje. Swali nalo hufuata mwenye swali. Kama aliyenukuliwa ndiye anayeuliza, kiulizo kinakaa ndani: *Mama mmoja aliuliza: “Lumbesa itaisha lini?”* Kama anayeuliza ni wewe mwandishi, kinakaa nje: *Je, ni kweli mwenyekiti alitumia maneno haya: “Bei haitashuka”?*

Nukuu ndani ya nukuu hupewa alama moja moja, na ndani yake tumia mkato badala ya nukta mbili nyingine: *Mzee alisimama na kusema: “Wahenga walinena, ‘Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,’ na mguu wa chama hiki umeshateguka.”* Nukta mbili mbili katika sentensi moja humfanya msomaji asijue nani anamnukuu nani.

Ukikata maneno katikati, weka nukta tatu za dukuduku. Ruhusa ya kukata haiwi ruhusa ya kugeuza. *“Nitalipa… mwezi huu”* iliyotokana na *“Nitalipa kama mazao yatauzwa mwezi huu”* ni uongo wenye alama sahihi.

Nukuu ndefu

Kwa wanaoandika tasnifu, APA na MLA ni mitindo ya uandishi wa kitaaluma: mtindo wa APA hutaka nukuu ya maneno 40 au zaidi itengwe kama aya yake, MLA huitenga nathari ikizidi mistari 4. Aya hiyo husogezwa ndani sentimita 1.27 kutoka pambizo la kushoto. Inatanguliwa na nukta mbili pale kitangulizi kinaposimama chenyewe, na *haina alama za usemi*, kwa kuwa kule kusogezwa ndani ndiko kunakosema “haya si yangu”. Wengi huweka vyote viwili. Kama chuo chako kina mwongozo wake, ufuate huo.

Tamthilia na mahojiano yaliyoandikwa kwa jina na maneno hufanana na hilo. *Mwandishi: Mnauza wapi chai yenu?* Jina, nukta mbili, nafasi, maneno. Hakuna alama za usemi.

Maneno ya kilugha

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kihehe, Kibena, Kikinga na nyingine, na mzee akikasirika harudi kwenye Kiswahili. Ukimtafsiri kisha ukaweka nukta mbili na alama za usemi bila kusema lolote, umeahidi maneno ambayo hakuyatamka. Kiri ndani ya kitangulizi: *Alijibu kwa Kihehe, na tafsiri yake ni hii:* Sasa ahadi yako ni ya tafsiri, nayo unaweza kuitimiza. Kama unayo maneno yake ya asili na una uhakika wa tahajia, yaweke kwanza, tafsiri ifuate kwenye mabano.

Redioni

Msikilizaji haoni alama yoyote. Maandishi yatakayosomwa hewani yanahitaji *nanukuu* mwanzoni na *mwisho wa kunukuu* mwishoni. Weka nukta mbili baada ya *nanukuu*; mtangazaji ataiona na kupumzika kidogo hapo, na pumziko hilo ndilo msikilizaji analolisikia kama alama. Kwa nukuu fupi, tumia kitangulizi kinachobadilisha sauti yenyewe: *Haya hapa maneno yake:*

Kwenye kompyuta na simu

Ukiona *alisema; “Karibuni”*, mara nyingi mwandishi hakukosea sarufi, amekosea kidole. Kwenye kibodi za kawaida nukta mkato na nukta mbili ziko kwenye kitufe kimoja, kulia kwa herufi L, na nukta mbili hutoka ukishikilia Shift. Kidole kikiachia mapema, inatoka nukta mkato. Ukimaliza kuandika, bonyeza Ctrl na F, tafuta *sema;* kisha *uliza;* na utayanasa mengi. Kwenye simu nukta mbili hukaa upande wa tarakimu na alama, ndiyo maana watu wa WhatsApp huiacha kabisa.

Kwenye Word, nukta mbili ikifuatwa na mabano ya kufunga inaweza kugeuka kikaragosi kinachocheka. Kikitokea kwenye muhtasari wa kikao cha nidhamu, bonyeza Ctrl na Z mara moja.

Barua za ofisi zina nukta mbili zake, *Yah:* na *Kumb. Na:*, na muda huandikwa saa 4:30. Hizo si za nukuu, ziache. Ila ile *:-* iliyorithiwa toka enzi za taipu, *alisema yafuatayo:-*, haiongezi kitu. Nukta mbili peke yake inatosha.

Aya moja, kabla na baada

Kabla:

*Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:30 asubuhi na kusema kwamba:- “mimi sitasaini hundi hii mpaka nione mkataba”. Mjumbe mmoja aliuliza. “Mkataba uko kwa nani”? katibu alijibu kuwa “ninao”.*

Baada:

*Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:30 asubuhi. Kuhusu hundi ya mbolea, alitoa msimamo wake: “Mimi sitasaini hundi hii mpaka nione mkataba.” Mjumbe mmoja aliuliza mkataba uko kwa nani. Katibu alijibu kuwa anao yeye.*

Muda umepewa sentensi yake, ili nukta mbili ya saa isigongane na ya nukuu. Hundi imetajwa kwenye kitangulizi, kwa hiyo *hii* ina pa kushika. Kukataa kusaini kumebaki kwa maneno ya mwenyekiti, kwa sababu ndilo jambo atakaloulizwa. Swali na jibu vimeshushwa kuwa taarifa, na *ninao* imekuwa *anao yeye*. Hilo *yeye* limeachwa makusudi: bila lile neno, *anao* ingeweza kusomwa kuwa mkataba anao mwenyekiti.